Pumzi Inakubali, Kano Inakataa: Kukimbia Baada ya Miaka 40

Mkimbiaji wa miaka 47 aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi akirudi barabarani, wiki mbili za kwanza hutweta. Wiki ya tatu pumzi hukaa sawa. Ya nne anajisikia kijana, na ndipo anapoongeza kilomita na kasi kwa mpigo mmoja. Wiki ya tano au ya sita, akiwa kwenye mwendo ambao wala si wa kasi, anahisi kama jiwe limempiga nyuma ya mguu. Anageuka kumtafuta aliyelirusha na haoni mtu. Msuli wa shavu la mguu umechanika.

Akiulizwa sababu atasema ni umri. Si uongo, ila jibu hilo halimsaidii, kwa sababu linafanya mwili uonekane kama kitu kimoja kinachozeeka kwa pamoja. Mwili hauendi hivyo. Ujazo wa damu huanza kuongezeka ndani ya siku chache za mazoezi, na moyo hufuata ndani ya wiki. Misuli huchukua wiki kadhaa. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na huhitaji miezi. Uchunguzi wa tishu za kano ya kisigino umeonyesha kwamba kiini chake karibu hakijengwi upya baada ya miaka takriban 17. Kwa hiyo mtu aliyekimbia tangu shuleni akapumzika na kurudi ana moyo unaokumbuka haraka na kano inayokumbuka taratibu. Majeraha mengi ya umri wa kati hutokea katika pengo hilo, na mipango ya mazoezi ya umri huo inapaswa kuanzia hapo.

Kinachoshuka

Kipimo kikuu cha uwezo wa mkimbiaji ni kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja. Kwa mtu asiyefanya mazoezi hupungua takriban asilimia 10 kwa kila miaka kumi kuanzia miaka ya thelathini. Kwa anayeendelea kukimbia, na hasa asiyeacha mazoezi ya kasi, kushuka huko huweza kupungua hadi karibu nusu. Sehemu isiyokwepeka ni mapigo ya juu ya moyo, ambayo hushuka kwa wote, bingwa na asiye bingwa. Kanuni iliyozoeleka ni 220 kutoa umri. Iliyo bora kidogo ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri: kwa mtu wa miaka 60 ya kwanza inampa mapigo 160 na ya pili 166. Hata hivyo, watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 bila yeyote kuwa mgonjwa. Anayepangiwa mwendo na saa ya mkononi iliyoingizwa umri tu anapangiwa kwa kubahatisha.

Miguuni, nyuzi za msuli zinazofanya kazi ya haraka ndizo huanza kupungua. Ukimpiga picha ya video mkimbiaji wa miaka 55 na kijana wa miaka 25 wakienda kwa starehe, idadi ya hatua kwa dakika haitofautiani sana. Kinachotofautiana ni urefu wa hatua. Mkubwa anasukuma ardhi kidogo zaidi kwa kifundo cha mguu, na nyonga inajaribu kufidia. Shavu la mguu ndilo linaloacha kazi mapema, na bado ndilo linalobebeshwa mzigo mkubwa.

Mteremko wenyewe si mkali kama watu wanavyodhani. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2019 kwa saa 2:01:41. Mwaka 2024 huko London, akiwa na miaka 41, alimaliza wa pili kwa saa 2:04:15. Njia ni tofauti na siku ni tofauti, lakini pengo ni kama asilimia mbili tu. Edna Kiplagat wa Kenya alishika nafasi ya tatu Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44, kwa saa 2:23:21. Naye Ed Whitlock wa Kanada, aliyeacha mbio ujanani na kuzirudia alipofika miaka ya arobaini, alimaliza marathoni kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Akiwa na miaka 85 alitumia chini ya saa nne. Mazoezi yake yalikuwa mizunguko mirefu ya polepole ndani ya makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, hadi saa tatu kwa siku. Si mfano wa kuigwa na kila mtu, maana miguu yake ilivumilia kilomita ambazo wengine zingewavunja.

Shavu la mguu na kano ya kisigino

Anayekimbia kilomita 10 kwa saa moja hupiga hatua kama 10,000, yaani 5,000 kwa kila mguu. Katika kila hatua kano ya kisigino huvutwa kwa nguvu inayofikia mara sita ya uzito wa mwili au zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni zaidi ya kilo 400, mara elfu tano, kabla ya kifungua kinywa. Halafu mtu huyo huyo anaambiwa anyooshe viungo dakika mbili akiegemea ukuta, na anaamini amejikinga.

Kinachokinga ni nguvu. Pima kwanza: simama kwa mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta kwa mizani tu, goti likiwa limenyooka, kisha nyanyua kisigino hadi juu kabisa na ukishushe. Hesabu mara ngapi unafika urefu ule ule wa mara ya kwanza. Mkimbiaji anayefika 20 hadi 25 kila mguu ana msingi. Anayeishia 12, au ambaye mguu mmoja unafanya 22 na mwingine 14, amejua jeraha lake lijalo litatokea wapi.

Zoezi lenyewe linahitaji ngazi. Weka sehemu ya mbele ya nyayo ukingoni, panda kwa miguu yote miwili, hamisha uzito kwenye mguu mmoja, kisha shuka polepole kwa sekunde tatu hadi kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, maana msuli wa ndani wa shavu hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo wa mbio ndefu. Utaratibu huu ulitangazwa Sweden mwaka 1998 kwa wagonjwa wa kano: mara mbili kwa siku, kila siku, wiki 12. Asiyeumwa na anayetaka kinga tu anatosheka na siku tatu kwa wiki, ila lazima aongeze uzito. Begi la mgongoni lenye mchele kilo 5 linafaa kuanzia. Mara 15 zikiwa nyepesi, ongeza kilo mbili. Baada ya miezi kadhaa mtu anapaswa kuwa anabeba mzigo unaomruhusu mara 8 tu kwa seti.

Kuna mtego mmoja. Kano inaweza kuuma sehemu mbili: katikati, kiasi cha vidole vitatu juu ya kisigino, au pale inapojishika kwenye mfupa. Inayouma kwenye mfupa haitaki kisigino kishuke chini ya ngazi, kwa sababu hapo kano hubanwa dhidi ya mfupa. Mwenye maumivu hayo afanyie zoezi sakafuni, na aache kabisa kuegemea ukuta kuivuta.

Makosa mengine yanajulikana. Watu hufanya zoezi haraka haraka na nusu nusu. Wengine huacha siku maumivu yanapoisha, ilhali kano bado iko nyuma ya maumivu. Kosa kubwa kuliko yote ni kupumzika kabisa mwezi mzima. Kano isiyobebeshwa kitu hudhoofika, kwa hiyo mtu anarudi na kano dhaifu kuliko ile aliyoipumzisha na kuumia kwa kilomita chache kuliko mwanzo.

Maumivu yenyewe yapimwe kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Hadi tatu wakati wa mazoezi yanavumilika. Hukumu hutolewa kesho yake asubuhi, katika hatua za kwanza kutoka kitandani. Ukakamavu wa kisigino ukiwa sawa na wa jana au umepungua, mzigo ulikuwa sahihi. Ukiwa mkali zaidi au umedumu muda mrefu zaidi, punguza.

Aliyechanika msuli wa shavu asirudi mbioni kwa kuhesabu siku. Kwanza atembee nusu saa bila kuchechemea. Kisha anyanyue kisigino mguu mmoja mara 20 bila maumivu. Kisha aruke papo hapo kwa mguu huo mara 20. Baada ya hapo ndipo aanze dakika moja kukimbia, moja kutembea, mara 10, siku moja akikimbia na inayofuata akipumzika. Wengi huruka hatua ya pili, na msuli huchanika tena pale pale. Tahadhari moja hapa: shavu lililovimba, lenye joto na kuuma bila kugongwa wala kuteguka, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, linaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, na lisichuliwe.

Wiki ya siku tisa

Wiki ya siku saba ni ya kalenda. Kijana anaweza kuingiza humo mbio ndefu na mazoezi mawili ya kasi. Mtu wa miaka 50 anayejaribu hivyo huwa anafanya mazoezi matatu ya nusu nusu, kwa sababu kila moja linamkuta hajapona lililopita. Suluhisho ni kupanua mzunguko hadi siku tisa: siku moja ngumu, mbili nyepesi, kisha kurudia. Katika siku tisa hupatikana mbio ndefu moja, kasi moja na vilima vimoja, na kati yake mbio za pole za dakika 40 hadi 50, baiskeli au kupumzika kabisa.

Kasi haiachwi, maana ndiyo inayolinda kile kipimo cha oksijeni na zile nyuzi za haraka. Zoezi lenye faida kubwa na hatari ndogo ni dakika tatu za kasi mara tano, katikati dakika mbili za kujikokota. Kasi iwe ile ambayo ukimaliza ya tano unajua ya sita ungeiweza. Vilima ni sekunde 10 za nguvu mara sita hadi nane, kushuka ni kwa kutembea. Kilima hupunguza kishindo, lakini huivuta kano ya kisigino, kwa hiyo wiki ya kwanza mara tatu zinatosha. Kupasha misuli moto kusipungue dakika 15, na alfajiri kuongezwe.

Mbio za pole ndipo wengi wanapoharibu. Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, wageni hushangaa kuona wakimbiaji wa dunia wakianza asubuhi kwa mwendo wa kuburuza miguu ambao mtu yeyote angeuweza, halafu Alhamisi hao hao wanawaacha vumbini kwenye fatleki, yaani mbio za kupishanisha kasi na pole. Siku nyepesi kwao ni nyepesi kweli. Tanzania tuna kipimo bora kuliko saa yoyote, nacho ni mchakamchaka. Anayeweza kuitikia wimbo mzima bila kukata pumzi yuko kwenye mwendo sahihi. Akiishia nusu ya kiitikio, apunguze.

Kuhusu kuongeza kilomita, ile kanuni ya asilimia 10 kwa wiki si sheria ya mwili. Kinachovunja zaidi ni safari moja iliyorefushwa ghafla: aliyekuwa anaishia kilomita 12 kwa mwezi mzima anaalikwa na wenzake Jumamosi kwenye 21. Jumla ya wiki inaweza kuonekana ya kawaida, lakini kano haijui jumla ya wiki.

Magoti, ambayo ndiyo watu huyaogopea zaidi, yana habari njema. Mkusanyo wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta usagikaji wa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa burudani, dhidi ya asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Waliokimbia kwa ushindani mkubwa walifika 13.3. Aliyewahi kuchanika gegedu au kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa ndani ya goti yuko katika hesabu tofauti.

Wanawake wanapokaribia ukomo wa hedhi

Homoni ya estrojeni inaposhuka, mifupa hupungua uzito haraka. Hasara inaweza kufikia asilimia 20 ndani ya miaka mitano hadi saba inayouzunguka ukomo huo. Kukimbia husaidia, lakini peke yake hakutoshi, kwa sababu mfupa huzoea kishindo kilicho sawa kila siku. Unahitaji mzigo mzito na mruko: kuchuchumaa na uzito mara mbili kwa wiki, na kuruka papo hapo mara 10 hadi 20, kwa mwenye misuli ya sakafu ya nyonga inayohimili. Anayevuja mkojo akiruka au akikohoa asinyamaze. Ni tatizo la msuli, na mtaalamu wa viungo hulitibu kwa mazoezi ya kubana na kuachia misuli hiyo, kwa kawaida wiki 12.

Miaka ya mwisho kabla ya ukomo, hedhi ya wengine huwa nzito, na madini ya chuma hupungua bila kelele. Dalili ya kwanza kwa mkimbiaji ni kwamba mwendo wa pole unakuwa mgumu. Kabla ya kusingizia umri, apimwe damu, pamoja na akiba ya chuma. Na chai ya rangi inayonywewa juu ya maharage huzuia sehemu ya chuma kufyonzwa. Isubiri saa moja.

Sahani na joto

Msuli wa mtu mzima huitikia protini kwa uvivu, kwa hiyo unahitaji dozi kubwa kwa mlo mmoja, si vijipande vya kutwa nzima. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo ya uzito kwa siku ndicho kiwango kinachofaa: kwa kilo 70 ni gramu 84 hadi 112, ikigawanywa katika milo mitatu au minne ya kama gramu 28. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Chai na andazi alfajiri, ugali na mboga ya majani mchana: hapo mkimbiaji ameshinda na njaa ya protini hadi usiku, hata kama ameshiba. Dagaa wachache juu ya ile mboga hubadilisha hesabu kwa gharama ndogo.

Pwani ina hesabu yake. Dar es Salaam na Mombasa unyevu huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Anayetoka Arusha au Nairobi anahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Aanze saa 11 alfajiri, na mwendo uongozwe na pumzi, si na muda wa kilomita aliouzoea nyumbani. Kiu nayo hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Jipime kabla na baada ya saa moja ya kukimbia: kila kilo iliyopotea ni takriban lita moja ya jasho. Rudisha sehemu kubwa yake taratibu pamoja na chakula chenye chumvi. Anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi, na hilo hushusha chumvi ya damu kwa kiwango kinachoweza kuua.

Dawa zilizomo kabatini

Siprofloksasini, inayonunuliwa kirahisi mno kwa tumbo au njia ya mkojo, imo katika kundi la antibayotiki zinazoongeza hatari ya kano ya kisigino kukatika, hasa kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Mkimbiaji amwambie daktari kwamba anakimbia, na aulize kama kuna mbadala. Sindano ya steroidi ndani ya kano hiyo ikataliwe. Diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ndefu ya joto huzibana figo wakati ule ule zinapokosa maji.

Wanaotumia dawa za presha aina ya atenololi au propranololi wasiongozwe na mapigo ya moyo, kwa sababu dawa yenyewe inayashikilia chini. Dawa za kukojoza nazo hupunguza maji mwilini kabla hata ya jasho. Na mtu wa zaidi ya miaka 40 anayeanza au anayerudi apime presha kwanza. Kubanwa kifua, kuzirai katikati ya mbio, moyo kupiga kwa kurukaruka, au pumzi kukatika kwenye mwendo ambao mwezi uliopita ulikuwa mwepesi: mazoezi yasimame hadi kipimo cha moyo kifanyike, bila kujali umekimbia miaka mingapi.

Raba za mitumba

Raba nzuri hudumu kilomita 500 hadi 800. Za mitumba hazina historia, kwa hiyo zisomwe. Bonyeza sponji ya kisigino kwa dole gumba: ikirudi polepole au ikiwa ngumu kama mti, imekufa, hata kama soli ni mpya. Ziweke juu ya meza na uzitazame kwa nyuma: iliyoinama upande imebeba mwendo wa mwenyewe wa kwanza na itakupa wewe. Ikunje: inapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya nyayo. Sponji iliyokaa miaka ghalani hukauka bila kuvaliwa, na jua huiharibu upesi, kwa hiyo raba iliyofuliwa ianikwe kivulini.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Aliyezoea milimita 10 akibahatisha raba ya milimita 4 yenye bei nzuri sokoni, kano yake ya kisigino itavutwa zaidi katika kila moja ya zile hatua 5,000. Aivae dakika 15 mara moja kwa wiki, kisha 20, akiongeza taratibu kwa wiki sita hadi nane, na kila kesho yake hatua za kwanza kutoka kitandani ziseme kama ataivaa tena.